Sifuri za Idd katika Daftari la Budondo

Ndugu zangu wasoma mvua mnaosoma jarida letu, nisameheni mwandiko. Mkono wangu wa kulia unatetemeka tangu mwaka juzi, na herufi zinakwenda kama kuku aliyefungwa mguu. Pale nilipokosea maneno, mjue kwamba shule yangu iliishia darasa la saba, na Kiswahili changu ni cha nyumbani, cha sisi Wanubi wa Bugembe, si cha vitabuni. Ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima. Lakini zamani mwandiko wangu ulikuwa mzuri, mzuri kupita kiasi, na habari ninayotaka kuwaeleza ilianzia kwenye uzuri huo.

Jina langu ni Marjani. Nimestaafu mwaka huu baada ya kufanya kazi ya mvua tangu ujana, kwanza Jinja, halafu Mbale. Vyeo sitavieleza. Vilikuwa vichache na havikuongeza tone hata moja kwenye kopo. Nataka kueleza juu ya mwanamke aliyenifundisha kazi, Mama Hawa wa Budondo, na kosa nililomfanyia. Kwa sababu ya kosa hilo, mwaka huu kumbukumbu zake zote za mvua zilikaribia kutupwa, na yeye kuitwa mwongo angali hai.

Nilianza kazi nikiwa kijana mwenye haya. Nasema ile haya ya kushindwa kumtazama mtu usoni. Dukani nilisubiri wateja wote waondoke ndipo niombe chumvi. Ofisi ya Jinja ilikuwa inatafuta mtu wa kunakili takwimu, na mwalimu wangu wa zamani alipeleka daftari langu badala ya kunipeleka mimi. Bwana mkubwa wa ofisi alilitazama, akauliza, "Huyu anayeandika hivi, anajua pia kuzungumza?"

Mwalimu akajibu, "Kidogo, afande."

"Basi anafaa."

Kabla ya kuniketisha mezani alinipeleka Budondo wiki mbili, nikaone namba zinatoka wapi. Nilishuka pale kwenye maduka nikamwuliza mwanamke aliyekuwa anauza muhogo: nyumba ya Mama Hawa iko wapi? Niliuliza kwa Kiswahili, kwa sababu Kisoga changu, lugha ya pale, kilikuwa kibovu. Alimchukua mtoto wake akaingia ndani, akafunga mlango. Miaka ile Kiswahili kilikuwa bado kinanuka kambi ya jeshi. Nilisimama na begi langu mpaka Mama Hawa mwenyewe alipokuja, anacheka njia nzima.

"Umewaambia nini watu wangu? Wamekuja mbio kuniambia mwanajeshi ananitafuta. Tena mwembamba!"

Alikuwa mjane wa makamo, Mnubi kama mimi, na dada yake aliishi Bugembe, nyumba ya nne kutoka kwetu. Kwa hiyo nilimwita Mama tangu siku ile, naye aliniita mwanangu, au "wewe Marjani" nilipokosea.

Kipimamvua chake kilikuwa uani, mbali na migomba ili majani yasikizibe. Mnakijua: kopo la shaba lenye mdomo wa duara, ndani faneli, chini ya faneli chupa. Kila siku saa tatu asubuhi unatoa chupa, unamimina maji kwenye gilasi yenye mistari, unasoma milimita, unaandika, unamwaga. Kazi ya dakika tano. Ugumu wake ni kwamba dakika tano hizo ni za kila siku, hata siku ya homa, hata siku ya msiba.

Asubuhi ya kwanza tulikuta chupa kavu. Nilichukua kalamu nikaandika sifuri kabla hajaniambia. Alinishika mkono.

"Umejuaje?"

"Nimeona pakavu, Mama."

"Vizuri. Sifuri maana yake ni hiyo: nilikwenda, nikatazama, nikakuta pakavu. Kama hukwenda, huna sifuri ya kuandika. Acha wazi. Nafasi iliyo wazi haimdhuru mtu. Sifuri ya uongo inakaa mle milele, nayo inafanana na za kweli kama pacha."

Halafu alifungua nyuma ya daftari akanionyesha alama yake mwenyewe. Kulikuwa na siku ambayo haikuandikwa kitu, na kutoka siku hiyo mstari wa kupinda ulikwenda mpaka siku iliyofuata, kama mkono wa kikapu. Aliuita hivyo hivyo, mkono wa kikapu. Ulisema: maji haya ni ya siku mbili, nimeyabeba pamoja. Alama hiyo ilikuwa ya Idd. Swala ya Idd na saa tatu ya kupima vinagongana. Yeye aliondoka Budondo alfajiri kwenda kuswali Bugembe na watu wake, akalala kwa dada yake, na kesho yake saa tatu alikuwa tena mbele ya kopo lake. Hakuwa na mtu wa kumwachia gilasi. Idd mbili kwa mwaka, mikono ya kikapu miwili. Siku nyingine zote alikwenda.

Wastani alinifundisha kwa chai. Alipanga vikombe vitano mkekani, vinne vitupu, cha tano kimejaa. "Siku tano hizi. Nne kavu, moja imenyesha milimita ishirini. Wastani ni nini?"

Nilijua kugawanya, lakini nilikuwa naona haya kukosea mbele yake.

Akachukua kikombe kilichojaa akakigawa kwenye vyote vitano, kila kimoja kidogo, sawasawa. "Milimita nne nne. Huo ndio wastani. Chai imepungua?"

"Hapana."

"Ni ileile yote. Sasa niambie, ni siku gani ilinyesha milimita nne?"

Nilitazama vikombe. "Hakuna."

"Hakuna! Mkulima akikuuliza mwezi ulikuwa na maji kiasi gani, wastani utamjibu vizuri. Akikuuliza kwa nini daraja lake limekwenda na maji, wastani hautajua, kwa sababu wenyewe umeshaigawa ile siku kubwa kwa wenzake. Kwa hiyo unaweka vyote viwili, wastani na siku zenyewe. Haya, kunywa siku yako kabla haijapoa."

Nimesoma karatasi nyingi baadaye, nyingine za watu wenye shahada mbili, na sikukuta mahali palipoelezwa vizuri zaidi.

Nikarudi Jinja, nikapewa meza karibu na dirisha. Kila mwezi wasomaji walituletea madaftari yao, mimi nikayanakili kwenye fomu kubwa ya ofisi, kisha madaftari yakarudi kwa wenyewe. Fomu zangu zilisifiwa. Bwana mkubwa aliwaonyesha wageni: tazameni, kama zimepigwa chapa. Namba zangu zilisimama mistarini kama wanafunzi wa gwaride.

Kisha ikaja Idd ya kwanza. Nilipofungua daftari la Budondo nilikuta nafasi iliyo wazi na mkono wa kikapu. Fomu ya ofisi haikuwa na mahali pa mkono wa kikapu. Chini yake palipigwa chapa: kisanduku chochote kisiachwe kitupu. Nilipaswa kwenda kumwuliza bwana mkubwa. Niliinuka nikaenda mpaka mlangoni kwake. Alikuwa anazungumza kwenye simu. Nikarudi. Nikaenda tena, nikakuta anakula. Mara ya tatu alikuwa peke yake, hana kazi, anatazama nje, na mimi nilisimama pale mpaka akageuka akauliza, "Kuna nini?" Nikasema, "Hakuna, afande." Nikarudi mezani nikaandika 0.0, kwa mwandiko mzuri.

Nitasema ukweli wote kwa kuwa ndiyo sababu ya kuandika. Mara ya kwanza nilijua ninachokifanya. Mara ya pili nilijua kidogo. Mara ya tatu mkono uliandika wenyewe, na baada ya hapo sikuuona tena ule mstari wa kupinda. Nilinakili daftari la Budondo kwa miaka kumi na tisa.

Mambo mengi mengine nilijifunza katika miaka hiyo. Nilijua msomaji anayependa namba zinazoishia na tano, na yule anayepima kwa macho kutoka dirishani. Nilijifunza kwamba matone machache yasiyofika mstari wa kwanza wa gilasi nayo si sifuri. Yana alama yake. Nilijifunza pia kutomwamini mtu anayesema "mvua ya siku hizi imebadilika" kwa kukumbuka miaka mitatu, wala anayesema "haijabadilika" kwa kukumbuka mmoja. Ndiyo maana wakubwa wanachukua miaka thelathini na kuiita kawaida: ili mwaka mmoja wenye kelele usiwazibe midomo wenzake.

Kisha nikahamishiwa Mbale, nikapanga chumba Namakwekwe, nikapewa kazi ya kufundisha wasomaji wapya wa huku. Mimi, kufundisha! Wiki ya kwanza nilifundisha nikitazama kopo, siwatazami wao. Walidhani ni heshima kwa kipimo. Pole pole nikazoea. Namba ya kati niliwafundisha kwenye foleni ya bomba la maji: niliwapanga watu saba kwa urefu, nikamshika bega yule wa nne. "Huyu ndiye wa kati. Sasa mtoeni yule mrefu wa mwisho, mleteni askari wa pale benki." Askari alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme. "Wa kati amebadilika?" Hakubadilika. "Na wastani wa urefu wao?" Umepanda, ingawa hakuna mtu aliyerefuka hata kwa upana wa kidole. Mama mmoja akasema, "Kwa hiyo, sebo, ukitaka kusema uongo kwa heshima, tumia wastani." Nilicheka mpaka nikawatazama usoni.

Mama Hawa aliendelea Budondo mpaka macho yake yalipoanza kuingia ukungu. Hapo alimwachia kijana wa jirani kipimo, akahamia Bugembe kwa dada yake. Nilimtembelea kila nilipokwenda nyumbani. Hatukuzungumza juu ya fomu.

Mwaka huu, ikiwa imebaki wiki moja nistaafu, Khainza aliniita mezani kwake. Khainza ni binti wa Kimasaba, ametoka chuoni juzijuzi, na ndiye anayeshughulika na takwimu za zamani zilizoingizwa kwenye kompyuta. Nilimpelekea chai.

"Mulembe, Mzee."

"Mulembe, binti yangu. Leo kompyuta imekufanya nini?"

"Kompyuta haina kosa. Ni mtu wenu wa Budondo."

Wahandisi wa barabara walikuwa wameomba orodha ya siku za mvua kubwa, ili wajue makalvati ya upande ule yawe na upana gani. Khainza alikuwa amefungua kituo cha Budondo, siku moja moja.

"Jumla za miezi ni nzuri," alisema. "Wastani wa miaka ni mzuri, unafanana na wa vituo vya jirani. Ningeishia kwenye wastani ningelala usingizi. Lakini tazama hizi sifuri."

"Siku kavu zipo, nyabo."

"Zipo. Lakini hizi ziko mbili kila mwaka, kati yao siku kama sabini. Hata katikati ya msimu wa mvua, sifuri. Na kesho yake, mvua ya kutisha! Halafu, Mzee, zinatembea. Mwaka huu ziko hapa, mwaka unaofuata zimerudi nyuma siku kumi, kumi na moja. Miaka kumi na tisa zinarudi tu nyuma. Mvua haina tabia ya namna hii. Watu ndio wana tabia."

Nilitazama tarehe kwenye kioo cha kompyuta. Mtu aliyefunga mwezi mtukufu tangu utoto hahitaji kalenda kutambua kitu kinachorudi nyuma siku kumi na moja kila mwaka. Zilikuwa Idd. Idd zote, zimepangwa chini kama shanga, na kila moja ina sifuri yangu.

"Unafikiri ni nini?" nikamwuliza.

"Nafikiri alikuwa anatunga. Siku akijisikia uvivu anaandika sifuri, kesho yake anatia namba kubwa ya kufidia. Na kama ametunga hizi, ametunga ngapi nyingine ambazo sizioni? Namtoa mzima mzima. Siwezi kumwambia mhandisi ajenge kalvati juu ya namba za mwongo. Orodha nafunga mwisho wa mwezi, Budondo watatumia namba za kituo cha mbali."

Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikasema, "Chai yako inapoa."

Siku ya kuniaga walileta soda na keki, wakanitaka niseme maneno machache. Khainza alikuwa mstari wa mbele, anatabasamu, anapiga picha kwa simu. Nilisimama. Niliona mlango wa bwana mkubwa wa Jinja, na mimi nje yake. Nikasema, "Asanteni," nikaketi, na wote wakapiga makofi, wakasema Mzee Marjani ndivyo alivyo.

Jumatatu ya kwanza ya kustaafu kwangu nilikwenda Bugembe. Nilibeba nakala za fomu za Budondo, nilizomwomba Khainza nikisema ni za ukumbusho. Nilifika kwa Mama Hawa nikasimama nje ya pazia, nikakohoa.

"Ni Marjani," alisema kutoka ndani. "Nani mwingine anakohoa badala ya kupiga hodi? Ingia."

Alikuwa mkekani, macho yamekuwa meupe, mikono yake ileile. Alimwita mjukuu wake alete chai na gurusa, ule mkate wetu mwembamba. Nilikula kwanza ili nichelewe. Kisha nikamweleza yote: mlango wa bwana mkubwa, kisanduku kitupu, 0.0, miaka kumi na tisa, na yule binti wa Mbale anayesema msomaji wa Budondo alikuwa anatunga.

Mama Hawa alipapasa ukingo wa mkeka. Halafu akauliza, "Ile Idd tuliyonyeshewa uwanjani, imamu bado anahutubia. Wewe ukateleza na kanzu yako mpya mbele ya wasichana. Unaikumbuka?"

Nani angesahau? Kanzu ile haikurudi kuwa nyeupe tena.

"Mvua ile ilianzia kwetu. Ilinipiga kutoka Budondo mpaka hapa. Umeandika ngapi?"

Nilitafuta mwezi ule katika fomu. Mwandiko mzuri sana. "Sifuri, Mama."

"Na matope yako ya kanzu?"

"Sikukumbuka, Mama. Nilikuwa nanakili tu."

"Tena sikiliza, wewe Marjani." Sasa sauti yake haikuwa na kicheko. "Nilikuambia sifuri maana yake nini?"

"Nilikwenda, nikatazama, nikakuta pakavu."

"Nilikwenda. Saa tatu. Siku ya Idd. Kwa karatasi zako hizo nzuri, miaka kumi na tisa sikuswali Idd hata moja. Nilikuwa nimesimama uani Budondo natazama chupa kavu, na watu wako kwenye swala."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimefikiria kwamba nimempotezea maji ya siku moja. Kumbe nilikuwa nimemtoa kwenye safu ya swala, nikamweka mahali ambapo hakuwapo, mara thelathini na nane. Nililia. Mzee mzima, na gurusa mkononi.

Aliniacha nilie kiasi, kisha akasema, "Basi. Leo angalau umefika mlangoni kwangu ukakohoa. Miaka ile ungegeuka ukarudi." Akaniambia nivute sanduku la bati chini ya kitanda.

Madaftari yalikuwa yamefungwa kwa kipande cha leso. Yalipaswa kuwa saba. Yalikuwa sita, moja mjukuu alilitumia kuwashia sigiri ya mkaa kabla hajajua kusoma. Nilifungua la kwanza, nikatafuta tarehe ya Idd, nikamwekea kidole chake juu ya ukurasa. Alikuwa na desturi ya kukandamiza kalamu, karatasi ikaumuka upande wa nyuma. Kidole kilitembea polepole, kikafika kwenye nafasi iliyo wazi, kikapanda, kikapinda, kikashuka.

"Huu hapa," akasema. "Mkono wa kikapu."

Tulikaa mpaka adhuhuri. Mimi natafuta, yeye anagusa. Kila alipoukuta alikumbuka jambo: Idd ya mjukuu kuzaliwa, Idd ya dada yake kuunguza pilau. Kwa kila moja alisema, "Nilikuwa hapa."

Kesho yake nilikuwa Mbale asubuhi na mapema, mstaafu anayewahi kazini kuliko alipokuwa na kazi. Nilimwekea Khainza madaftari sita mezani.

"Binti yangu, msomaji wa Budondo hakutunga. Aliacha wazi. Sifuri ni zangu."

Nilimweleza nikiwa nimesimama, na nilimtazama usoni tangu mwanzo mpaka mwisho. Alifungua daftari, akaweka ukurasa kando ya kioo, akalinganisha Idd moja, ya pili, ya tano. Akaacha kalamu.

"Kwa hiyo zilikuwa zinafuata mwezi," alisema taratibu. "Na mimi nilikuwa natafuta mwongo."

"Mwongo umempata, ila umekosea kituo."

Alicheka, halafu akaacha kucheka. "Mzee, karibu wiki mbili ulinitazama tu?"

"Nilikutazama tu."

Tukaanza kazi. Siku ya Idd tuliifuta sifuri tukaacha wazi. Siku iliyofuata tuliweka alama kwamba ni maji ya siku mbili. Na hapa nyinyi vijana mtazame vizuri: jumla ya mwezi haikubadilika hata kwa tone, wala wastani wa mwezi. Maji yalikuwa yaleyale, kama chai ya Mama Hawa. Kilichobadilika ni siku. Ile mvua iliyoandikwa kuwa kubwa kuliko zote Budondo, ambayo wahandisi wangeipimia kalvati, ilikuwa kesho ya Idd. Ilikuwa mizigo miwili kwenye kikapu kimoja. Kubwa ya kweli ilikuwa siku nyingine, ndogo kidogo. Mtu asiyefungua siku zenyewe angekwenda kaburini akiusifu wastani.

Mwishoni Khainza alifika kwenye nafasi ya maelezo ya kituo. "Niandike kosa la unakili?"

"Andika: sifuri hizi ziliandikwa na mnakili, si msomaji. Msomaji alikuwa kwenye swala."

"Niweke jina?"

"La msomaji weka, kwa heshima. Na langu weka."

Aliandika yote mawili. Budondo imebaki kwenye orodha, isipokuwa ile miaka ya daftari lililoungua. Miaka hiyo Khainza ameiweka pembeni. Anasema anamwamini Mama Hawa, lakini kuamini hakujazi kisanduku. Ni mafundisho ya Mama Hawa mwenyewe.

Kwa hiyo naomba jambo kwenu. Kama miaka ile ulikaa Budondo au karibu na hapo, na nyumbani kuna daftari la shamba, barua, au picha ya Idd yenye watu waliolowa, niandikie kupitia jarida hili. Na wewe uliyewahi kunakili madaftari ya wengine, kama kuna siku ulisimama mlangoni ukarudi, ukajaza kisanduku, niandikie pia. Mwenye daftari huenda bado yu hai, na kidole chake bado kinaweza kuutambua mstari wake. Mama Hawa anataka nimsomee kila barua, na ameshaniuliza mara mbili kama zimefika.

Nitajibu wote, polepole, kwa mwandiko huuhuu mbaya. Ila ukitafuta moyoni ukaona hukumbuki kama siku ile ilinyesha au haikunyesha, tafadhali usinisaidie kwa kukisia. Niandikie tarehe, na mbele yake acha wazi.